Kutoka Mnyororo hadi Kipokezi: Maneno ya Wapima Ardhi Yalikozaliwa

Makala haya yanahusu lugha ya upimaji ardhi, na hasa njia ambazo lugha hiyo imepatikana na kuenea miongoni mwa wanaoitumia. Watafsiri na walimu wamezoea kupokea istilahi kutoka vikaoni: wataalamu hukutana, hujadiliana, orodha huidhinishwa, kisha hupelekwa kwa watumiaji. Njia hiyo ina faida zake, nasi hatukusudii kuibeza. Lakini katika fani hii historia yaonyesha kwamba maneno mengi yaliyodumu yalizaliwa porini, katika kundi la watu walioshika ncha mbili za kipimo kimoja na ambao walilazimika kuelewana kwa sauti kubwa. Hivi leo vyombo vya kidijiti vimelipunguza kundi hilo, na kioo cha chombo huzungumza Kiingereza. Yatupasa basi kuuliza: maneno ya upimaji wa leo yanazaliwa wapi, na ni nani anayeyasikia?

Tuanze na yale yaliyokuwapo. Kabla ya vipimo vya Kizungu kuenea, watu wa pwani walipima kwa viungo vya mwili. Shubiri mbili zilifanya dhiraa moja, na dhiraa nne zilifanya pima, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa kulia na kushoto. Msomaji ataona kuwa jina la kipimo hicho na kitenzi chetu cha kupima ni neno moja. Kwa hiyo anayesema leo kuwa shamba lake limepimwa kwa setilaiti bado ananyoosha mikono miwili, ajue asijue.

Baharini nako kulitoka maneno ambayo mpima wa nchi kavu hawezi kufanya kazi bila hayo. Dira ni la mabaharia. Ramani nalo wajuzi wa asili za maneno hulihusisha na kitabu cha njia cha manahodha wa Bahari ya Hindi, ambacho jina lake la Kiajemi lina maana ya kitabu cha kuongoza njia. Majira, ambalo vijana wetu hulijua kwa maana ya wakati tu, lilitumika pia kwa maana ya mwelekeo wa chombo baharini. Hivyo wale waliounda istilahi ya majiranukta, kwa maana ya tarakimu zinazoonyesha mahali nukta ilipo juu ya uso wa dunia, hawakulitoa neno hewani. Twasikitika tu kwamba watafsiri wengine hulifupisha wakaandika majira peke yake, na mkulima akisoma hati hudhani anaambiwa habari za masika na vuli. Wapima wenyewe, tukisema kweli, husema koodineti.

Mnyororo uliokuja na serikali za kikoloni ulikuwa na historia ndefu kwao. Mwingereza Edmund Gunter aliutengeneza mwaka 1620. Urefu wake ulikuwa futi 66, kiasi cha mita 20.12, nao ulikuwa na viungo 100. Mirabaraba kumi yenye upande wa mnyororo mmoja hufanya ekari moja kamili, na ndiyo sababu kifaa hicho kilipendwa sana na watu wa mashamba.

Inafaa tueleze namna mnyororo ulivyotumika, kwa kuwa hapo ndipo lugha ilipoingia kazini. Watu wawili waliuvuta, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa mbele alichukua vishale kumi vya chuma, akachomeka kimoja ardhini kila mnyororo ulipofika mwisho. Wa nyuma akawa anaviokota kadiri walivyosonga. Vishale vilipomwishia wa mbele, minyororo kumi ilikuwa imepimwa. Hapo walisimama, wakavihesabu vishale wote wawili kwa sauti, wakakabidhiana, na mwenye kitabu akaandika. Kishale kimoja kilichosahauliwa nyasini kilikuwa ni futi 66 za shamba la mtu. Hivyo kila hatua ilikuwa na neno lake: vuta, kaza, legeza, inua, sogea kulia, simamisha. Maneno hayo hayakuhitaji kikao chochote. Yalikuwa maneno ya Kiswahili cha kawaida yaliyopewa kazi maalumu na watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja, na mwanafunzi aliyafahamu siku ya kwanza kwa kuwa asingeweza kutembea hata minyororo miwili bila hayo.

Kwa waashi kulichukuliwa timazi na pima maji. Kwa Waingereza kulichukuliwa bikoni, na hapa pana jambo la kutazamwa. Serikali ilikuwa na maneno mazuri ya kutosha kama vile jiwe la mpaka na alama ya mpaka. Lakini wananchi walichagua bikoni, kisha wakaizungushia vitenzi vyao wenyewe: kupanda bikoni, kung'oa bikoni, kuhamisha bikoni. Jina ni la mgeni. Matendo, pamoja na hila zake, ni ya wenyeji. Mtafsiri anayefuta bikoni katika ushahidi wa mlalamikaji na kuandika alama ya mpaka hajakosea kamusi, ila ameondoa jambo moja ambalo mlalamikaji alilijua vyema: kwamba kitu kile kiliwekwa na serikali, tofauti na mti uliopandwa na babu yake.

Wapo wanaoona haya tukikopa. Na wakumbuke theodolaiti, chombo cha kupimia pembe ambacho kwa karne nyingi kilikuwa mfalme wa vyombo vya fani hii. Neno hilo lilionekana kwanza katika kitabu cha Leonard Digges kilichochapishwa mwaka 1571, na hadi leo Waingereza wenyewe hawajakubaliana lilitoka wapi. Wamelitumia zaidi ya miaka 400 bila kulijua nasaba, na pembe zao zimepimika.

Kazi kubwa kuliko zote za upimaji barani Afrika ilikuwa mlolongo wa pembetatu kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, kutoka kusini ya bara hadi Misri. Mnajimu David Gill aliipendekeza mwaka 1879 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, na haikukamilika hadi mwaka 1954. Sehemu ya Tanganyika ilipimwa kati ya mwaka 1931 na 1933 chini ya Martin Hotine wa jeshi la Uingereza. Upimaji wa namna hiyo wataka vilele vinavyoonana kwa mbali. Juu ya kilele kimoja huwapo mwenye chombo. Juu ya vingine huwapo watu wa kuelekeza mwanga, kwa vioo mchana na kwa taa usiku. Mwenye taa akilala, kazi ya usiku mzima imepotea. Vitabu vya taaluma humtaja kiongozi kwa jina. Wafyeka njia, wabeba vyombo na walinzi wa taa kwa kawaida hutajwa kwa idadi tu. Nasi tungependa sana kujua walisemezana nini huko juu, kwani hatuna shaka hapo palikuwa na istilahi. Hazikuandikwa.

Mafunzo rasmi yalianza mwaka 1956, ilipofunguliwa shule ya wapima huko Mgulani, Dar es Salaam. Mwaka 1958 ilihamishiwa kilimani karibu na mahali ambapo baadaye palijengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikakua ikawa Chuo cha Ardhi, ikaunganishwa na Chuo Kikuu hicho mwaka 1996, na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu Ardhi. Darasani lugha imekuwa Kiingereza muda wote huo. Lakini mwanafunzi hutoka darasani akaenda kambini, na kambini hukutana na wasaidizi ambao Kiingereza si lugha yao, na majirani wenye mashamba. Hivyo kila mpima aliyehitimu alikuwa na lugha mbili za kazi: moja ya mtihani, na moja ya kupata kipimo. Ya pili haikuwa na kitabu.

Mabadiliko ya vyombo hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1957 Trevor Wadley wa Afrika Kusini alitoa chombo kiitwacho Tellurometer, kilichopima umbali wa makumi ya kilometa kwa mawimbi ya redio. Vyombo viwili vilitazamana, kila kimoja na mtu wake, na ndani yake mlikuwa na njia ya simu ili watu hao wasemezane wakati wa kupima. Tunalitaja hilo kwa kuwa linaonyesha kuwa elektroniki yenyewe haikuua mazungumzo. Yaliyoyapunguza ni yaliyofuata. Katika miaka ya 1970 vilianza kuuzwa vyombo vilivyounganisha pembe na umbali na kuandika vipimo vyenyewe, ambavyo wapima huviita totali steisheni. Mwenye kitabu akakosa kazi. Kuanzia mwaka 1990 kikapatikana chombo kinachojigeuza chenyewe kumfuata mshika prizimu. Na mwenye chombo naye akakosa kazi.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa ikirusha setilaiti za kuonyesha mahali. Ya kwanza iliruka Februari 1978, na mfumo ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Raia walipewa mawimbi yaliyopunguzwa ubora kwa makusudi, hata kosa likafikia kiasi cha mita 100, mpaka serikali ya nchi hiyo ilipoondoa kizuizi hicho Mei 2000. Tangu hapo simu ya mkononi yaweza kumwonyesha mtu mahali alipo kwa kosa la mita chache, na vipokezi viwili vya kitaalamu vikishirikiana, kosa hushuka hadi sentimeta.

Vipokezi hivyo viwili ndivyo tungependa kuvizungumzia kwa kirefu kidogo. Kimoja huwekwa juu ya nukta ambayo majiranukta yake yanajulikana, nacho hakiondoki. Cha pili hutembezwa juu ya fito kutoka kona hadi kona ya shamba, kikipokea masahihisho kutoka kwa mwenzake. Wanafunzi husema besi na rova. Tumesikia pia mama na mtoto, na twakiri kuwa tumeyapenda: mama amekaa, mtoto anazurura, na mtoto akienda mbali mno asimsikie mama, hupotea. Kwa maandishi rasmi twapendekeza kipokezi tuli na kipokezi tembezi. Lakini mwalimu anayefundisha uwanjani asione haya kuanza na mama na mtoto, kwani maneno hayo yana maelezo ya kanuni ndani yake, jambo ambalo besi na rova hayana kwa mtoto wa Kitanzania.

Anayedhani kwamba kundi halihitajiki tena ajaribu kufunza. Mmoja asipopima kimo cha antena vizuri, nukta zote za siku hiyo hupanda au hushuka pamoja. Mwingine asipotazama pima maji ya fito, kona ya shamba huhama. Wa tatu lazima achore kwa mkono sura ya mahali, kwa sababu jioni kompyuta itaonyesha nukta 300 na hapana atakayekumbuka ipi ni ya mfereji na ipi ni ya nyumba ya jirani. Na wa nne, ambaye kwa maoni yetu ndiye mpima hasa, huzungumza na wenye mashamba. Chombo hujua mahali fito iliposimama. Hakijui kama hapo ndipo mpaka ulipo.

Miaka ya karibuni imetoa mifano ya kundi kurudi, tena likiwa kubwa kuliko zamani. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walifanya kazi pamoja na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, kuchora ramani ya mtaa wao kwa vipokezi vidogo vya mkononi na kompyuta. Kuanzia mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilipanuliwa katika kata nyingi za jiji zinazopatwa na mafuriko, ikashirikisha pia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo ikaitwa Ramani Huria. Jina hilo latosha kuwa somo. Huria lilikwisha kutumika kwa soko na kwa chuo kikuu. Hapa lilichukuliwa kwa maana ya ramani ambayo kila mtu aweza kuitumia na kuirekebisha. Wananchi walilipokea bila kuelezwa. Katika kazi hiyohiyo ilipofika zamu ya kuonyesha mipaka ya mashina, hapakuwa na hati ya kutazama; wajumbe ndio walioijua, wakaionyesha juu ya picha zilizopigwa kutoka angani.

Zanzibar nako, kuanzia mwaka 2016, visiwa vilipigwa picha kwa ndege zisizo na rubani, na miongoni mwa waliozirusha walikuwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wengine huziita ndege nyuki, kwa ajili ya mlio wake. Hatujui nani alianza, lakini bila shaka alikuwa amesimama mahali ambapo aliusikia mlio wenyewe.

Jambo zito zaidi lilikuwa Iringa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inampa mwanakijiji haki ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Upimaji wa kawaida ulikuwa ghali na wa polepole. Katika majaribio yaliyoanza kijijini Ilalasimba, vijana wa kijiji walifunzwa kutumia simu za mkononi kuandika mipaka: waliuzunguka mpaka pamoja na mwenye shamba na majirani zake, wakiweka nukta na kujaza habari za umiliki. Baadaye kazi ilienea vijiji vingine vya mkoa huo. Hapa lugha haikuwa pambo. Mwenye shamba anaulizwa kama haki ni yake peke yake au ni ya pamoja na mkewe. Na jibu lake, likiisha kuingizwa, litatoka limechapishwa katika hati. Neno la Kiswahili lililochaguliwa vibaya kwenye kioo cha simu laweza kumwondoa mjane shambani miaka 20 baadaye. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, maneno hayo ndiyo yatakayosomwa mbele ya hakimu.

Na wale wasioamini kwamba kazi ya uwanjani hueneza istilahi wakikumbuke kishikwambi. Lilikuwa neno la orodhani, na wengi walilicheka. Ikaja sensa ya Agosti 2022, makarani wakapewa vishikwambi, wakapita navyo nyumba kwa nyumba, na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Leo anayelicheka huonekana yeye ndiye mgeni. Tarakilishi halikupata bahati kama hiyo kwetu Tanzania, kwa kuwa hapana aliyekuja nayo mlangoni akaitaja kwa jina hilo.

Lipo pengo moja ambalo lahitaji kuzibwa upesi. Kwa dhana mbili tofauti tunatumia neno moja, usahihi. Chukua utepe uliovutika kwa sentimeta moja katika kila mita 30. Pima nao ukuta mara kumi: majibu yote kumi yatakubaliana, na yote kumi yatakuwa na kosa. Vipimo hivyo vinapatana, lakini si sahihi. Twapendekeza upatanifu kwa dhana ya kwanza, na usahihi ubaki kwa ya pili. Hili si suala la darasani tu. Ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zimesimama juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Setilaiti za Marekani zina msingi wao mwingine. Nukta ileile, ikisomwa kwa msingi usio wake, huhama kiasi cha mita 300. Kipokezi kitaonyesha tarakimu hadi milimeta, vijana wataona tarakimu zinapatana, wataridhika, na shamba lote litakuwa kwenye kijiji cha jirani. Mwanafunzi aliyepewa neno moja kwa mambo mawili hana hata namna ya kuuliza kilichotokea.

Tumalizie na misimbo, ambayo kwa maoni yetu ndiyo nafasi kubwa iliyo wazi kwa walimu. Kila nukta inayoingizwa katika chombo cha kidijiti hupewa msimbo mfupi unaoeleza ni nukta ya kitu gani. Vyombo huja na misimbo iliyotungwa mbali: ukingo wa barabara ya lami, bomba la zimamoto, uzio wa waya. Mpima akifika Kilimanjaro hukuta mpaka umeoteshwa masale. Kwingineko hukuta mnyaa, tuta, kichuguu, au mti ambao wazee wawili waliupanda pamoja. Msimbo wa vitu hivyo haumo, kwa hiyo vijana huandika uzio kwa mnyaa na ua kwa masale, na jioni mpaka ulioheshimiwa vizazi vitatu umekuwa ua tu. Lakini chombo huruhusu kundi lijitungie orodha yake kabla ya kutoka kambini. Mwalimu aweza kuifanya hiyo kuwa kazi ya jioni ya kwanza: wanafunzi, msaidizi wa mpima, na mzee mmoja wa kijiji waketi, wataje vitu vinavyofanya mpaka katika nchi ile, wakubaliane jina la kila kimoja na namna ya kuliandika kwa herufi chache. Nakala ya orodha hiyo, pamoja na jina la kijiji na tarehe, ingetufaa sana sisi tunaoshughulika na istilahi. Mnyaa una herufi tano, na hata chombo kikongwe huupokea bila kuufupisha.